Ukosi wa Kidole Kimoja

Alhamisi, tarehe tisa Januari, saa mbili na robo asubuhi, mvua ya rasharasha ilikuwa ikinyunyiza maturubai ya soko la mitumba, wala haikumzuia mtu yeyote mwenye haja. Mwalimu mstaafu wa jiografia alikuwa na haja. Alisimama mbele ya meza ya mwanamke ambaye soko zima lilimwita Mama Mashati, mwavuli mkononi, viatu viking'aa juu ya tope, akilitazama rundo la mashati kama afisa anayekagua gwaride.

Alichokitafuta ni shati jeupe la kizamani: ukosi mrefu wenye ncha kali, unaosimama wenyewe pasipo kubembelezwa, pamba tupu, na bei isiyoitikisa pensheni. Madukani alikwisha kupita. Huko alikuta kola fupi kama masikio ya panya, na bei za kumfanya mtu aulize kama shati linauzwa pamoja na duka.

Wala haikuwa anasa. Tangu astaafu, shule ilimpa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, naye akaendelea kufundisha mito na milima kwa sauti ileile. Mwaka uliopita akaugua mapafu, akalazwa wiki saba. Sasa bodi ya shule ilimwandikia kwamba Jumatano tarehe kumi na tano afike mbele yake, "ili bodi ijiridhishe na afya yako", kabla ya kutia saini. Mwalimu aliisoma barua ile mara moja tu na kuielewa. Hawatamtazama mapafu, watamtazama shingo. Mtu aliyekonda husalitiwa kwanza na ukosi wake. Shingo hubaki katikati ya shati kama mchi kinuni, na kila mwenye macho hujua. Bila darasa, Mwalimu hakujua angeamka asubuhi kwa ajili ya nini.

"Karibu mzee wangu," alisema Mama Mashati, akimfunulia shati moja. "Hili mwenyewe alilivaa kanisani tu, na kanisani penyewe alikuwa haendi. Vua koti, lijaribu juu kwa juu."

"Mimi sijaribu nguo barabarani, mama. Nitafutie namba kumi na tano na nusu."

"Shati linavaliwa na mtu, halivaliwi na namba."

"Kumi na tano na nusu," Mwalimu alirudia. Namba hiyo aliivaa tangu ana miaka ishirini na mitatu, na hakuona kwa nini aibadilishe mbele ya umati.

Mama Mashati alimpima kwa jicho, toka kidevuni hadi kifuani. "Mzee, ukosi huo mtaingia wewe na jirani yako."

"Nimekuomba namba, sikukuomba ushauri."

"Haya. Mkubwa hakosei, hukosewa." Akachambua rundo kwa mikono miwili, akatoa matatu, yote meupe, yote ya ukosi ule wa zamani, mazuri kiasi kwamba Mwalimu alisahau kununa. "Chukua yote nikupunguzie. Ila likishatoka mezani ni maji yaliyomwagika, halirudi."

Alilipa, akaondoka ameyakumbatia chini ya koti yasilowe.

Nyumbani, mkewe alimfunga kifungo cha juu. Alikuwa mkunga, mwenye mikono isiyodanganya. Katika shule ya bweni alikosoma Mwalimu palikuwa na kanuni moja ya ukosi, iliyotekelezwa kila Jumapili kwenye ukaguzi: baina ya shingo na ukosi kiingie kidole kimoja. Kisipoingia, umebanwa, vikiingia viwili, wewe ni mzembe. Kanuni hiyo mkewe aliijua kama alivyoijua sala, kwa miaka thelathini na tisa ya ndoa. Akaingiza kidole. Akaingiza cha pili. Kisha, taratibu, akaingiza ngumi nzima.

"Ngumi yako ni ndogo," alisema Mwalimu.

"Ni ndogo ndiyo, baba. Lakini si kidole."

Walijaribu la pili na la tatu. Mabega yalining'inia kama ya mtoto aliyevaa nguo za kaka yake. Mkewe aliyakunja mashati yote matatu, akayaweka mezani.

"Kitambaa ni kizuri, na kola ni hizo unazozililia," alisema. "Yanataka mkono wa fundi anayeweza kupunguza shingo bila kuharibu ncha. Na fundi huyo ni mmoja tu mji huu. Unamjua."

"Anatoza ghali."

"Hujawahi kumuuliza bei. Miaka kumi na minane ana duka nyuma ya posta, nawe huzunguka njia ya mbali usipite hapo. Mimi si mtoto wa juzi."

Mwalimu hakuuzoea uongo. Kwa muda wa miaka arobaini na minane alikuwa na uongo mmoja tu, tena si wa kusema. Ulikuwa wa kunyamaza.

Shuleni, fundi yule alilala kitanda cha chini, na Mwalimu cha juu, katika bweni moja. Kila mwanafunzi alipaswa kupiga pasi nguo zake mwenyewe. Kubadilishana kazi kulikatazwa. Wao walibadilishana. Mwenzake aliyapenda mafuta ya viatu, akawa anang'arisha jozi zote mbili. Mwalimu akawa anapiga pasi mashati yote mawili. Jumamosi moja kabla ya siku ya zawadi, Mwalimu, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka kumi na sita mwenye pupa, aliijaza pasi mkaa kupita kiasi, akaiweka juu ya ukosi wa mwenzake huku akipiga domo na watu dirishani. Aliponusa, alama ilikwisha kuingia, ya rangi ya chai, yenye ncha kama mashua. Akalikunja shati, alama ndani, akalirudisha sandukuni.

Jumapili kwenye ukaguzi mwalimu wa zamu aliuliza: nani ameliunguza shati hili? Mwenzake alimtazama mara moja tu. Kisha akasema, "Shati ni langu, mwalimu." Mwenye shati alisubiri aliyeliunguza atamke, aliyeliunguza alikodolea macho ncha za viatu vyake, vilivyong'arishwa na yuleyule. Mwenye shati akachapwa fimbo sita. Na kwa kuwa shati jeupe alikuwa nalo moja tu, mwenzake hakupanda jukwaani kusoma insha iliyompa ushindi. Ilisomwa na mwingine. Tangu hapo bweni zima likamwita Pasi, na jina likamfuata hadi uzeeni, likaandikwa juu ya mlango wa duka lake.

Mwalimu huyu, aliyewaadhibu vijana wengi kwa kutokusema kweli, alilijua vizuri jina lile lilitoka wapi.

Ijumaa saa nne alipiga moyo konde, akaingia. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, mikato ya karatasi ya kukatia nguo ikining'inia ukutani, na harufu ya mafuta na chaki. Pasi alikuwa mfupi, mpana, miwani puani, pini kadhaa midomoni. Alizitoa moja moja na kuzichomeka kwenye kisahani cha sponji kabla ya kusema.

"Kitanda cha juu," alisema.

"Kitanda cha chini," alijibu Mwalimu.

"Nilidhani umehama mji."

"Nilikuwa na shughuli."

"Miaka kumi na minane. Shughuli kubwa hiyo." Akayapokea mashati, akaupindua ukosi wa la kwanza, akaupitisha kidole gumba mshononi. "Haya yameshonwa na mtu aliyelala vizuri. Umeyapata kwa bei gani?" Alipotajiwa, akaguna kwa wivu. "Basi usilie. Simama hapa."

Utepe ulipomzunguka shingoni, Mwalimu alishika pumzi. Pasi aliisoma namba, akapima tena.

"Kumi na tatu na nusu."

"Haiwezekani."

"Utepe haujui wewe ni nani. Uliugua?"

"Mapafu."

"Pole, ndugu yangu. Mbona hatukuambiwa?" Na hapo, kwa sauti ya mtu aliyesema bila kupanga, akaongeza: "Nitafumua ukosi mzima, nipunguze ukanda kwa nyuma ambako hapaonekani, ncha nisiziguse. Mabega nitayarudisha ndani. Jumanne jioni yatakuwa tayari, mke wangu akishayapiga pasi. Mimi sipigi pasi. Nashona, nakata, nafagia. Pasi sishiki."

Mwalimu alitazama pembeni. Pasi ya umeme ilikuwa juu ya rafu, waya umefungwa fundo safi.

"Shati lile nililiunguza mimi," alisema.

Nje mtu alipita akiuza karanga.

"Najua," alisema Pasi. "Nilikuwa nang'arisha viatu vyako."

"Nilipaswa kusema siku ileile."

"Siku ileile ingependeza. Kesho yake pia. Hata mwaka uliofuata nisingekufukuza." Alivua miwani. "Fimbo zilipona. Ile insha ndiyo haikupona. Nilikuwa nimeikariri yote, unajua? Baba yangu alitembea kutwa nzima aje kunisikiliza, akamsikiliza mtoto wa mwenzake. Na wewe ulipiga makofi. Nilikuona."

"Nilipiga," alisema Mwalimu. "Sina utetezi. Nimekuja kukuuliza nilipe nini."

"Usinililie hapa, wateja watadhani nimekuchoma pini."

"Silii. Nauliza."

Pasi alirudisha miwani puani, kama mtu anayetafuta kipande cha kitambaa cha rangi moja. "Kazi ya mashati matatu utalipa kama mteja yeyote, na sikupunguzii hata senti. Na lile, shati kwa shati. Jeupe. Ukosi kama ule. Lisilo na alama. Usiniletee la dukani, na usiniletee namba ya kubahatisha kama hizi zako." Akaurusha utepe, ukamwangukia Mwalimu begani. "Nipime."

Mwalimu hakuwahi kumpima mtu. Aliinama, akainuka, akauzungusha utepe kwenye shingo ya mwenzake, akaingiza kidole kimoja ndani kama kanuni ilivyotaka. Kumi na saba na nusu. Mikono mifupi. Aliandika kwenye kijitabu chake cha darasani, chini ya orodha ya mito.

Jumatano ile mwenyekiti wa bodi, mwanamke mkavu asiyependa maneno mengi, alimtazama Mwalimu usoni, kisha shingoni, ambako ukosi mweupe ulisimama umemkaa kama umezaliwa naye. Alimuuliza angeweza kusimama vipindi vingapi kwa siku. Mwalimu alikuwa amepanga kusema sita. Akasema vinne, kwa kuwa ndivyo alivyoviweza. Walimpa mkataba wa mwaka, vipindi vinne.

Alhamisi asubuhi alirudi sokoni.

"Babu wa namba," alisema Mama Mashati. "Yamekukataa?"

"Yamenikaa. Ulisema kweli, na mimi nilikujibu vibaya. Samahani, mama." Akafungua kijitabu. "Sasa nataka la mtu mfupi mwenye shingo nene. Na hili nitaliingiza mkono, nitalipekua, na nitalitazama juani."

"Soko limepata mteja," alisema Mama Mashati, akavuta mkeka.

Walichambua saa nzima. Shingo ilipopatikana, kifuani palikuwa na doa. Palipokuwa safi, ukosi ulikuwa wa masikio ya panya. La mwisho lilitoka chini kabisa ya robota jipya, limekunjamana kama karatasi iliyotupwa. Lilikuwa zima. Mwalimu alilipa bei ya kwanza aliyotajiwa.

Kwa Pasi alilifua, likakauka uani. Kisha akafungua fundo la waya, akaichomeka pasi, akangoja.

"Punguza moto," alisema Pasi kutoka nyuma ya cherehani, sauti yake si ya mzaha.

Mwalimu alipunguza. Alitandaza kitambaa chenye unyevu juu ya ukosi, akapiga upande wa ndani kwanza, toka nchani kwenda katikati, polepole, mdomo umefungwa, bila kutazama dirishani. Alipomaliza aliizima pasi, akalinyanyua shati kwa mabega. Pasi alilipokea, akaupindua ukosi huku na huku chini ya taa, akatafuta alama kwa makusudi. Hakuiona. Akalivaa, akafunga kifungo cha juu, akaingiza kidole.

"Kimoja," alisema. "Mikono mirefu kidogo, nitaipunguza mwenyewe. Umelipa."