Sentimita Arobaini za Avdei

Avdei, kaka wa mume wangu, hukaa mjini Tallinn miezi kumi na moja ya mwaka. Mwezi mmoja unaobaki huja kwetu, kando ya ziwa Peipsi, kutufundisha kuvua samaki.

Mwaka huu alikuja na keekee ya betri ya kutobolea barafu, na mashine yenye kioo kinachoonyesha samaki walio chini yake. Kesho yake, kwa kalenda yetu ya kale, ilikuwa sikukuu ya Malaika kumpasha habari Mama wa Mungu. Ukiacha Jumapili ya Matawi, ndiyo siku pekee ya Kwaresima tunayoruhusiwa samaki, na mwanamume wa kijiji chetu huona aibu meza yake ikikosa samaki siku hiyo. Avdei aliijua aibu hiyo inakaa wapi, akaibonyeza.

"Trifon, mdogo wangu, kesho mtakula nini? Viazi?"

"Barafu imeshachoka, kaka," mume wangu alisema.

"Imechoka! Nimeipima sasa hivi. Sentimita arobaini. Hata gari linapita. Na samaki wamejaa pale kwenye mdomo wa mto, nimewaona kwa macho yangu kwenye kioo."

Nilishindwa kunyamaza. "Shemeji, hii ni Aprili. Arobaini ya Januari na arobaini ya Aprili ni vitu viwili."

"Lukerya, wewe shughulika na jiko lako."

Basi mtu huyu amezaliwa hapa, amebatizwa hapa, na hajui kitu ambacho kila mwanamke wa hapa anakijua akiwa dirishani. Barafu ya majira haya haipimwi kwa unene. Jua limeshaitafuna ndani, imebaki vijiti virefu vimesimama wima, bega kwa bega, kama mishumaa kwenye boksi. Alfajiri baridi huvishikanisha, ukikanyaga unadhani ni saruji. Ikifika saa nne vinaachana. Inaweza kuwa nene kama godoro na isibebe mbwa. Na pale kwenye mdomo wa mto ndipo pabaya kuliko pote, maana samaki hukusanyika hapo kungoja kutaga, na maji yale yale yanayowaita huila barafu kwa chini. Kioo cha Avdei kiliona samaki tu.

Lakini sikuwa na hofu juu ya Avdei, Mungu anisamehe. Nilikuwa na hofu juu ya Trifon. Mume wangu ana miaka hamsini na mitatu na hajawahi kumwambia kaka yake hapana. Aliambiwa auze ng'ombe wa mama yao, akauza. Aliambiwa asijenge upande wa ziwa, tukajenga nyuma, kwenye matope. Na kila jambo lilipoharibika, yeye ndiye aliyeomba radhi. Asubuhi ile nilipiga magoti mbele ya picha takatifu nikaomba neno moja tu limtoke: hapana.

Alichukua mtaimbo wake akamfuata.

Nilibaki ufukweni kando ya boti yetu ndogo ya bati. Avdei alijipiga ishara ya msalaba kwa haraka, kama anayefukuza mbu, akaondoka akikokota mashine yake. Trifon alikuja nyuma kama baba yao alivyowafundisha wote wawili: pigo moja la mtaimbo, hatua mbili, pigo, hatua mbili.

"Unaligongea hodi ziwa?" Avdei alicheka. "Ingia tu, mdogo wangu, wenyewe wapo!"

Karibu na mdomo wa mto mtaimbo ulizama kwa pigo moja mpaka kwenye mkono wa Trifon. Maji meusi yakapanda.

"Kaka, hapa mwisho. Turudi."

"Rudi wewe. Mkeo akufunge aproni."

Niliiona shingo ya Trifon ikiinama, kama inavyoinama siku zote kabla ya kutii. Kisha akageuka, akaanza kurudi kwa nyayo zake zile zile.

Avdei alitembea hatua nyingine ishirini hivi. Barafu haikulia hata kidogo. Ilitoa sauti ndogo, kama sukari inamwagwa, na mtu akabaki kifua na kichwa.

"Trifooon!"

Trifon alilala kifudifudi papo hapo. Niliisukuma boti hadi alipokuwa, tukaiegemea kwa matumbo, miguu nyuma ikisukuma, mpaka kamba ya boti ikamfikia Avdei. Tulimvuta kama gunia. Mashine ilikwenda kuwatazama samaki kwa karibu.

Nyumbani nilimketisha shemeji karibu na jiko, amevaa sketi yangu, kwa sababu suruali za mume wangu hazikupita kwenye tumbo lake. Meno yalipoacha kugongana, alianza.

"Ni wewe, Trifon. Kugonga-gonga kwako ndiko kumeilegeza barafu. Umeniulia mashine yangu."

Trifon akafungua mdomo. Naujua mdomo ule, najua neno linalolala ndani yake: samahani. Nikafumba macho.

"Barafu imelegezwa na jua, kaka," alisema. "Na wewe nilikuambia."

Avdei alinitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye niliyesema. Nikainua birika. Kwetu kikombe cha kwanza ni cha mkubwa wa ukoo, siku zote, hata akiwa mlevi. Nilimmiminia mume wangu.