Maji Katika Kaburi la Makhanu

Maji yalionekana kaburini Ijumaa saa nane mchana, wachimbaji wakiwa wamefika kina cha kifua. Chrispinus, jirani aliyeongoza kazi, aliyateka kwa ndoo mara tatu, na mara tatu yakarudi. Akapanda juu, akachomeka koleo ardhini.

"Mimi niliitwa kuchimba kaburi," alisema. "Sikuitwa kuchimba kisima."

Wachache walicheka, kisha wakanyamaza, kwa kuwa jeneza lilikuwa karibu, chini ya turubai, na mazishi yalipangwa kesho yake saa sita.

Makhanu alikuwa amelima miwa kwa miaka thelathini upande wa Butali. Mke wake wa kwanza, Awinja, alipofariki, alimwoa Chepkemoi kutoka Lugari, akamjengea nyumba sehemu ya chini ya shamba, mahali ambapo zamani miwa ilirundikwa ikisubiri kupakiwa kwenye trela. Kabla ya kufa alionyesha kwa mkono anapotaka kulazwa: hatua kumi mbele ya mlango wa nyumba hiyo.

Jairus, mdogo wake Makhanu na sasa mkubwa wa ukoo, alikuja akatazama shimo. Alisema kwa sauti ya kufika hadi kwenye turubai.

"Ndugu yangu anakataa kuingia hapa. Kuna jambo lilifanyika ndani ya nyumba hii, na hatujaambiwa."

Hakutaja jina. Wanawake waligeuza vichwa kuelekea mlango wa Chepkemoi.

"Yeye ndiye alikuwa naye mwisho," Jairus aliendelea. "Aseme. Kama hana la kusema, tukimaliza matanga arudi kwao Lugari."

Chepkemoi alitoka akasimama kizingitini. Alikuwa hajavaa viatu. "Niseme nini, shemeji? Nilimpikia, nikamwosha, nikamfumba macho. Hakuna kingine."

"Maji inasema kiko."

Hapo ndipo Jescah alipoinuka. Alikuwa binti wa Awinja, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, na kazi yake ilikuwa kupima udongo wa wakulima. Hakumpenda Chepkemoi. Walipishana mwaka mmoja tu kwa kuzaliwa, na neno "mama" halikuwahi kumtoka kinywani. Alimwita Mama Mitchel, kwa jina la mtoto wake. Kama angekaa kimya, hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alipopita kando ya shimo alikuwa ameona kwamba ukuta wa upande wa juu wa mteremko ulikuwa uking'aa kwa maji, na ule wa upande wa chini haukuwa uking'aa.

"Baba mdogo, naomba ngazi niingie."

"Mwanamke haingii kaburini."

"Basi Chrispinus aingie, mimi nitamuuliza nikiwa huku juu. Watu wote wasikie."

Jairus alifikiri, akaitikia kwa kichwa. Chrispinus akashuka huku akinung'unika kwamba suruali ilikuwa ya kaka yake.

"Kwangua ukuta karibu na magoti yako," Jescah alisema. "Toa ule udongo uliolowa. Nyuma yake kukoje?"

"Kukavu. Ni udongo mwekundu tu, unamomonyoka."

"Sasa panda na mkono polepole. Maji inaanzia wapi?"

Chrispinus alipapasa ukuta. "Hapa juu. Karibu na kiuno. Kuna mstari. Juu ya mstari inatoka, chini yake inateremka tu."

"Choma kisu juu ya mstari."

"Kimeingia chote."

"Choma chini yake kidogo."

Kisu kiliteleza. Akajaribu tena kwa nguvu. "Kinakataa, daktari wa udongo. Hii ni saruji."

Jescah alimrushia futi ya chuma. Mstari ulikuwa sentimita thelathini na nane kutoka juu.

Akawaeleza waliokuwapo bila kupandisha sauti. Udongo, alisema, una njia ndani yake. Mizizi ikioza huacha mirija, minyoo na mchwa huongeza mingine, na kati ya punje na punje kuna nafasi. Maji ya mvua hushuka kwa njia hizo. Lakini hapa trela zilipakia miwa miaka ishirini, nyingi zikija wakati wa mvua, udongo ukiwa laini. Uzito wa magurudumu ulibana zile njia hadi zikafunga. Baadaye jembe la trekta lililegeza udongo wa juu, halikufika chini. Pakabaki kama kifuniko. Maji yakifika hapo hayana pa kushukia, kwa hiyo hutambaa juu ya kifuniko kufuata mteremko, mpaka yakute mahali palipokatwa.

"Kaburi limeyakata," alisema. "Hayatoki chini kwa marehemu. Yanatoka ubavuni."

Jairus alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuwa mjinga, alikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kustaafu.

"Mvua ilinyesha mara ya mwisho lini?"

"Jumapili."

"Leo Ijumaa. Jua limewaka siku tano. Hayo maji yako yanayotambaa, yanatambaa kutoka wapi?"

Swali lilikuwa sahihi. Jescah alitazama mteremko. Hatua arobaini juu ya nyumba kulikuwa na safu ya majani ya nepia, ya kulisha ng'ombe, mabichi kuliko kitu kingine chochote shambani. Nyuma ya safu hiyo kulikuwa na mtaro.

"Nipe saa mbili," alisema.

Alimwomba Chrispinus mashimo matatu, kila moja la kina cha nusu mita. La kwanza lilichimbwa juu ya mtaro. La pili kati ya mtaro na kaburi. La tatu kwenye mpaka wa shamba, chini ya ua wa miti ambapo trela haikuwahi kupita wala jembe kufika. Kisha akatafuta makopo mawili ya mafuta ya kupikia, akayakata vitako, akayakandamiza ardhini: moja chini ya ua, jingine kwenye kile kifuniko kigumu, ndani ya shimo la pili, baada ya kukausha maji kwa kitambaa. Akatia kila kopo maji ya kiasi kimoja na kumpa Jairus simu yenye saa.

Kopo la chini ya ua lilikauka kabla dakika mbili hazijaisha. Wazee walimtaka alijaze tena, wakidhani limevuja pembeni. Likakauka tena. Katika lile la pili, baada ya nusu saa, maji yalikuwa yamepungua unene wa punje ya mchele.

Shimo la juu ya mtaro lilikuwa na unyevu bila maji. Shimo la kati lilikuwa limetoa maji tangu mwanzo, kwenye mstari uleule. La mpakani lilikuwa kavu mpaka chini.

"Kwa hiyo yanatoka kwenye mtaro," Jairus alisema.

"Ndiyo."

"Nani alichimba mtaro?"

"Baba. Lakini mchoro ulikuwa wangu." Jescah aliendelea kwa sauti ileile. "Miaka miwili iliyopita nilimwambia azuie maji ya mvua yasikimbilie mtoni, yakae mtaroni yaingie ardhini polepole. Ni ushauri mzuri kwa udongo unaopitisha maji. Huu haupitishi. Nilipaswa kuchimba shimo moja la kupima kabla ya kuchora, na sikuchimba. Nilidhani nalijua shamba la nyumbani. Mtaro ulijaa Jumapili, na tangu siku hiyo umekuwa ukiteremsha maji kuja hapa. Mama Mitchel hahusiki."

Chepkemoi hakusogea.

"Wewe ndiye umemtilia baba yako maji kaburini," Jairus alisema.

"Ni mimi."

Ikakubaliwa shimo lile lifukiwe na kaburi jingine lichimbwe mpakani, palipokuwa pakavu. Lakini kwa desturi ya hapo, kaburi lililofunguliwa halifukiwi likiwa tupu. Watu huamini kwamba lisipopewa kitu, litaita mtu mwingine wa nyumba hiyo. Hulazwa shina la mgomba mahali pa maiti. Ni kazi ya wanaume. Jairus aliamua kwamba safari hii ataifanya Jescah mwenyewe, mbele ya wote, ili ijulikane deni lilikuwa la nani.

Jescah hakuamini kwamba shimo linaita watu. Alikata mgomba, akauburuta mpaka ukingoni, akausukuma ndani. Ulianguka kwa kishindo cha maji, na matope yakamrukia usoni. Hakuna aliyemsaidia kushika koleo mpaka Chrispinus alipochoka kutazama, akasema, "Dada, ukiendelea hivyo tutamaliza Krismasi," akaanza kufukia upande wa pili.

Makhanu alizikwa Jumamosi saa nane, mpakani mwa shamba, katika kaburi kavu. Jairus alipofika kwenye kutupa udongo alitaja jina la mjane kwanza. Chepkemoi alitupa konzi yake ya udongo, akarudi mahali pake. Habari ya Lugari haikutajwa tena.

Jumatatu asubuhi Jescah alipanda mtaroni na jembe kutoboa mwisho wake, ili maji yaliyobaki yaelekee bondeni. Chepkemoi alimfuata. Walikuwa hawajazungumza tangu Ijumaa.

"Nepia yangu itakauka?"

"Itapungua. Kiangazi tukipata trekta yenye meno marefu, tupasue lile tabaka, kisha upande mbaazi. Mizizi yake inakwenda chini. Baada ya miaka mitatu minne mwisho wa mtaro unaweza kuzibwa tena."

Chepkemoi alitazama chini, kwenye paa la nyumba yake.

"Umesema maji ilikuwa inateremka kuja kwangu."

"Ndiyo."

"Miaka miwili sakafu ya chumbani haikaukangi. Godoro lilikuwa linaota ukungu upande wa chini. Mzee alikuwanga anakohoa usiku kucha, nikifikiri ni uzee." Alimgeukia. "Hiyo nayo ni hii maji?"

Jescah alishusha jembe. Alipima alichokijua na asichokijua.

"Sakafu, ndiyo," alisema. "Kifua chake, sijui. Hakuna aliyepima. Inawezekana."

Chepkemoi aliitikia kwa kichwa. Hakulia wala hakumlaani. Alikaa kwenye tuta, mgongo ukielekea nyumba.

Jescah aliinua jembe akaendelea kukata ukingo. Udongo wa mwisho ulipobomoka, maji yalitoka yakiwa mekundu, mwanzoni kwa kasi, kisha kidogokidogo, na wale wanawake wawili wakayatazama mpaka yakaisha.