Visu Vilivyopotea Nyumbani kwa Seremala

Kilianza kupotea kisu cha mkate. Kikafuata cha nyama, halafu wembe, na mwisho patasi ya mwanangu, ambaye ni seremala. Mkewe alikuwa amejifungua juzijuzi tu. Tukawa tunamenya vitunguu kwa kucha.

"Jini gani huyu anataka patasi?" mwanangu alisema. "Anachonga vitanda huko kwao?"

Alicheka, lakini jioni ile alifunga madirisha mapema, na kulipokucha akaenda kumwita mganga aje amtaje mwizi.

Alipotoka tu, nilimwona mkwe wangu nyuma ya nyumba, anasukuma mkasi chini ya gunia la maranda. Akageuka, akaniona.

"Mama, usimwambie. Nikishika kitu chenye makali namwona mtoto amekatwa, na mimi ndiye niliyemkata. Sitaki, Mama. Naiogopa mikono yangu."

Mwanangu akijua, atamrudisha mkewe kwao na mtoto atabaki hapa. Na je, kama kweli mkewe anaweza kumdhuru mtoto? Sikujua nimwogope nani: mganga, mwanangu, au binti huyu ambaye kila asubuhi hunipashia mimi maji kabla ya kujipashia yeye.

Mganga alikuwa mama mnene, watu humwita Mama Mizizi. Mkoba wake hakuufungua. Alimtazama mkwe wangu kwa muda, kisha akamgeukia mwanangu.

"Wewe nenda ukapige randa. Dawa yangu haipendi harufu ya vanishi."

Mwanangu alipoondoka, mganga akaomba beseni la maji ya uvuguvugu, akayapima kwa kiwiko.

"Mwogeshe mtoto, binti yangu."

"Siwezi."

"Mkono wangu utakuwa chini ya wako."

Akamtia mtoto majini. Mtoto akateleza kwenye povu la sabuni. Mkwe wangu alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Mimi nilikwisha kuinuka nimnyakue mjukuu wangu. Mganga hakuutoa mkono.

"Unaona nini?"

"Anazama."

"Na mikono yako inafanya nini?"

Akaitazama. Ilikuwa imekishika kichwa cha mtoto juu ya maji.

Hapo akalia, akasema yote, hata mahali visu vilipo.

"Nimewaona wazazi wengi wa namna hii," mganga alisema. "Si jini, wala si ubaya wako. Ni ugonjwa, na dawa yangu haiuwezi. Kesho tunakwenda hospitali pamoja. Mpaka hapo ulale, na usiachwe peke yako na mtoto."

Mwanangu aliitwa akaelezwa. Nilikuwa namtazama usoni.

"Kumbe mwizi nimemwoa mwenyewe," alisema, na sauti ikamkatika.

"Utanirudisha kwetu?" mkewe aliuliza.

Akakaa sakafuni, pale pale kwenye maji yaliyomwagika. "Kesho nakwenda na nyinyi."

"Na wakimchukua mtoto huko?" mkewe alisema.

Mganga akamfunika shuka miguuni. "Wakikuuliza, nitakuwa nimekaa karibu nawe."

Mkwe wangu akajilaza. Nilikaa na mtoto pale anapoweza kutuona. Kila alipofumbua macho kwa kushtuka, nilimwinulia mtoto, amwone anapumua.