Jiwe Lililopakwa Mafuta

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, asubuhi ilikuwa ya ukungu na manyunyu. Ikupa, mkulima wa kahawa wa Ihanda, aliombea jiwe lake jeusi kutoka Ileje. Jioni, katika darasa la jiolojia huko Mpemba, alitakiwa kulisoma mbele ya wenzake, yaani kueleza lilivyotokea. Akishindwa, hataruhusiwa kufanya mtihani wa mwisho.

Jioni ilipofika, Mwalimu Jairo alilinusa. "Mama, mbona linanukia mizeituni?"

"Nimelipaka mafuta ya upako, mwalimu. Mtihani si mchezo."

"Kumbe zamani Ileje walikaanga maandazi!" akadakia Samwel, dereva aliyesoma naye. Darasa likaangua kicheko.

"Mafuta yamefunika mabaki ya viumbe vya kale," mwalimu alisema. "Utasoma nini?"

Ikupa akafumba macho kidogo, akaazima nyundo, akalipasua. Ndani lilikuwa kavu, mafuta hayakufika. Kwa lenzi aliona vipande vikubwa vya majani na vijiti.

"Havijasagika, kwa hiyo havikusafiri mbali," alisema polepole. "Vilianguka kwenye maji yaliyotulia, yasiyo na hewa, ndiyo maana havikuoza. Jiwe lilipotoka palikuwa kinamasi chenye miti."

"Umefaulu, mama."

Ikupa akainua mkono kuapa. "Nyote ni mashahidi. Asiyejua kusoma jiwe, nitamfundisha kila Jumamosi mpaka ajue. Nitaanza na wewe, Samwel."