Singe ya Mzee Shigela

Baba yangu, Mzee Shigela wa Dutwa, ana mambo matatu ya kujivunia: singe ya Mjerumani, ng'ombe zake, na mimi Milembe. Nimeyataja kwa mpangilio wake yeye. Singe ni kile kisu kirefu cha kuchomekwa kwenye mdomo wa bunduki. Babu yake Baba alichukuliwa na Wajerumani kuwa mpagazi wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akabeba mizigo yao hadi kusini huko, akarudi na kisu hicho tu. Picha yake hatuna. Ndiyo maana Baba amekifunga kwenye kitambaa miaka yote, na hakuna aliyewahi kukikatia hata kitunguu.

Basi Baba mdogo Athanasi, anayeishi Nyalikungu, akaropoka mbele ya ukoo mzima kwamba kisu kilinunuliwa mnadani. Baba alisusa chakula. Wakawekeana dau la jogoo, na mimi nikatumwa Bariadi kutafuta mtu wa kuamua.

Nilimpata Bwana Pazi, afisa wa mkoani aliyewahi kufanya kazi makumbusho Dar es Salaam. Ni Mzaramo, maana yake mtani wetu sisi Wasukuma, na mtani hana breki.

"Mwangaluka, mzee!" alisalimia akishuka kwenye bodaboda.

"Hiyo ni salamu ya asubuhi, mtani," Baba akamjibu. "Saa hizi tunasema mwadila. Ila kwenu ndiyo mnaamka, nimekusamehe."

"Nimeamka mapema kuja kuwaokoa. Mjerumani aliwaachia kisu kwa huruma tu, alipowakuta mnakata michembe, viazi vyenu vikavu, kwa meno."

Athanasi, aliyekuwa amefika kusubiri uamuzi, alicheka hadi kiti kikalia. Baba naye alicheka, lakini alifungua kitambaa polepole, kunjo moja moja. Nilimwona, na nikaanza kuomba kimoyomoyo kisu kiwe cha kweli. Sikuwahi kuomba hivyo hata kwa ajili ya pamba yangu shambani.

Pazi alivaa miwani, akawa mwalimu. Kisu cha kweli, alisema, hakisuguliwi wala hakinolewi, ukikinoa umekiharibu. Mgongoni kina taji na tarakimu za mwaka. Na kabla ya yote tazama skrubu za mpini. "Enzi za Kaizari kichwa cha skrubu kilikuwa na mfereji mmoja tu. Ukiona msalaba, umepigwa, hata kama muuzaji amekuapia kwa..."

Akageuza mpini, akausogeza karibu na miwani.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Skrubu zilikuwa mbili, na zote zilikuwa na msalaba. Akapeleka kidole kwenye taji, akaligusa kwa ukucha. Alama zilikuwa safi kabisa, zimechongwa juu ya kutu. Nani alikibadilisha, au nani alitunga hadithi, sijui mpaka leo.

Pazi akamtazama Baba, aliyekuwa ameinama mbele kama mgonjwa anayesubiri kusomewa majibu.

"Ni cha kweli, mzee," akasema. "Kitunze."

Athanasi alipiga mguu chini, akaenda nyuma ya nyumba kumkamata jogoo wa dau aliyekuja naye. Mimi nilitaka kumkumbatia yule Mzaramo. Baba mwenyewe hakushangilia.

"Hivyo tu?" aliuliza. "Hujanitukana hata kidogo?"

"Leo nimechoka, mzee."

"Mtani amechoka!" Baba akatikisa kichwa polepole.

Athanasi akarudi na jogoo kwapani. Sisi ni Wakristo na Pazi ni Mwislamu, kwa hiyo ilikuwa lazima achinje mwenyewe ili ale. Nikageuka kwenda jikoni kuleta kisu.

"Kaa," Baba akaniambia. Akamnyooshea Pazi singe, mpini mbele. "Chinjia hiki."

Pazi alikipokea, akapitisha kidole gumba kwenye makali. Akasema kwa sauti ndogo, "Ni butu, mzee. Kuku atateseka. Kuna kinoo?"

"Wee!" Athanasi akapiga kelele. "Si umesema hakinolewi?"

Baba aliingia ndani mwenyewe, akatoka na kinoo na maji kwenye kikombe, akakaa pembeni ya Pazi kumsikiliza akinoa. Kutu ikatoka. Machozi yalinilenga, nikajifanya naangalia jogoo.

"Pazi," Baba akasema, "babu yangu alitembea. Mabega yake nimeyaona kwa macho yangu, yalikuwa na makovu ya mizigo. Hilo nalo ni feki?"

"Hilo hapana, mzee."

Baba akamchukua jogoo kwa Athanasi, akamlaza, akamshika miguu.

"Haya, chinja," alisema. "Na mchuzi wangu usiutie nazi zenu za pwani."