Kadi Iliyopigwa Pasi

Katika duka la dobi alimofanya kazi, hakuna kilichotoka mkononi mwa Mama Pasi kikiwa na mkunjo. Hata leso ya mtoto aliipitishia moto. Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau, naye hakuwadai.

Rafiki yake Povu alikuwa mfuaji upande wa pili wa ukuta, mpaka alipohamia mji mwingine kwa kaka yake. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Kila mwaka Povu alituma kadi, na kila mwaka binti wa Mama Pasi ndiye aliyeandika jibu, maana mama hakujua kuandika. Sasa Povu amelazwa hospitali, kesho asubuhi atapasuliwa. Na Mama Pasi, aliyeanza darasa la jioni uzeeni, alikuwa ameapa kwamba kadi ya safari hii ataiandika mwenyewe.

"Mama, si umpigie simu tu?" binti alimwambia.

"Simu yangu ya zamani ilipotumbukia ndooni ilikwenda na salamu zote. Kadi zake ziko kabatini, hata moja haijapotea."

"Haya, umeshinda."

Jana jioni akaiandika darasani, mwalimu akimwelekeza neno kwa neno. Lakini mchana wa leo, kazini, akaona kadi imejipinda kwa jasho la kiganja. Roho ikakataa. Akaitandaza mezani, akaifunika kitambaa, akapitisha pasi. Alipofunua, kadi ilikuwa imenyooka kama ubao, na nyeupe pe. Hakuna hata herufi.

Binti, aliyekuja kuichukua aipeleke kwenye gari la vifurushi, aliitazama mbele na nyuma.

"Uliandikia kalamu gani?"

"Si ile ile uliyonipa wewe?"

"Mama, ile ni ya kufutika. Wino wake na moto haviivi chungu kimoja." Alijitahidi asicheke, akashindwa. "Leo pasi imempiga mwenye pasi."

"Ukimaliza kucheka uniambie."

Binti akanyoosha mkono. "Lete niandike upesi, gari linakaribia kuondoka. Mama mdogo Povu hatajua."

"Mimi nitajua."

Mwalimu hayupo, na maneno yake mazuri yamekwenda na mvuke. Mama Pasi akafumba macho. *Ee Mola, umenipa mikono ya kunyoosha nguo za watu. Leo ninyooshee na herufi.* Kisha akachukua kalamu ya kazini, ile ya kutia alama kwenye kola, ambayo wino wake haujali sabuni wala moto. Akainama. Ulimi ukamtoka pembeni mwa mdomo. Aliandika:

*Povu mwenzangu. Tangu uondoke ukuta ule hauna maneno. Mungu akulaze na akuamshe salama. Nimeandika mwenyewe. Pasi.*

Binti aliisoma yote. Mwishowe akasema, "Mistari inapanda mlima."

"Iache ipande. Kimbia."

Kesho yake jioni simu iliita. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ya Povu.

"Pasi wewe. Nimeamka nikaikuta mezani kwangu, kaka kaileta. Kabla sijaona jina nikajua ni wewe. Herufi zimeinama mbele kama unavyotembea ukichelewa kazini."

"Unaendeleaje?"

"Tumbo linauma nikicheka, kwa hiyo usinichekeshe. Ngoja nikusomee."

"Najua ilivyo, nimeiandika mimi."

"Nyamaza nisome."

Povu akasoma polepole mpaka mwisho. Halafu Mama Pasi akamsikia akigeukia kitanda cha jirani: "Hujasikia vizuri, dada? Ni ya rafiki yangu, kaiandika kwa mkono wake." Akaanza upya.

Binti akaingia, akataka kuuliza kitu. Mama Pasi alimwinulia kidole, simu ikiwa sikioni, mgongo umenyooka kwenye kiti.

"Subiri, mwanangu," akanong'ona. "Ninasomwa."