Zamu ya Alhamisi

Jumatatu moja baada ya chai, Hezekia alishika ncha moja ya futi ya chuma, akampa jirani yake Yusta ncha ya pili, wakapima ukuta wa kinu cha maji kilichoko bondeni, chini kidogo ya barabara ya Mlalo. Ukuta ulikuwa na mita sita na sentimita kumi. Hezekia aliandika vipimo nyuma ya bahasha ya sadaka, kwa kuwa bahasha ndizo karatasi zilizokuwa nyingi nyumbani kwake.

Alikuwa seremala mstaafu wa miaka sabini na mmoja. Tangu magoti yalipomkataza kupanda kenchi za mapaa ya watu, alikuwa akitengeneza majengo madogo ya kukaa mezani. Nyumba za kawaida hakuzitaka. Alizunguka milimani akitafuta majengo ya zamani yenye kioja: zizi la ng'ombe upande wa Kwai lenye madirisha ya kanisa, ngazi ya mawe njia ya Bumbuli iliyopanda mpaka juu na kukuta hakuna nyumba, daraja lililobaki baada ya mto kuhama. Kila kimoja alikipunguza mara arobaini na kukipanga juu ya kabati. Watu walisema amerudi utotoni, naye hakubisha, maana ilikuwa kweli kidogo.

Kinu kile kiliacha kusaga mahindi kabla Yusta hajazaliwa. Mfereji wake, lakini, uliendelea kupeleka maji mashambani hadi miaka miwili iliyopita, pale mwenye nyumba ya wageni kule juu alipouziba kwa ukuta na kuchimba bwawa la samaki wa kutazamwa. Wanakijiji walilalamika. Mtendaji akafungua ramani, ramani haikuwa na mfereji, na mambo yakaishia hapo.

Yusta alikuwa mjane, na shamba lake la kabichi lilikuwa chini ya kinu. Kiangazi kilichopita hakikumwachia hata jani. Alikuwa ameshamwambia binti yake aliyeko Tanga kwamba kabichi zikikauka na mwaka huu, atafunga nyumba aende kukaa naye. Alikubali kushika futi ili amfurahishe mzee kabla ya kuondoka. Hezekia alilijua hilo, na lilimuuma kuliko magoti. Tangu mkewe afariki, Yusta ndiye aliyemletea uji, habari za kijiji na ubishi, vitu ambavyo mtu hawezi kujipikia mwenyewe.

Alijenga kinu kwa wiki mbili, kwa vipande vya mbao za mkulo na kokoto alizookota palepale bondeni. Gurudumu lilizunguka vizuri. Mlango ndio uliokataa kufunguka. Alitia mafuta kwenye bawaba, akapiga msasa, akautisha kwa patasi. Siku ya tatu Yusta alikuja na uji, akautazama ule mlango, akamwita kwa jina la mwanawe wa kwanza kama kawaida yake.

"Baba Heri, siku ile tunapima, ulipiga hodi?"

"Nipige hodi kwenye gofu?"

"Waliokuwa mle si ni wakubwa zako?"

Hezekia alifikiri, akaona hakuna ubishi. Wote waliofanya kazi kwenye kinu kile walizaliwa kabla yake, na yeye aliingia na futi mkononi bila hata kusalimia. Mama yake angemchapa. Alivua kofia, akainama mbele ya meza, akagonga kwa ukucha.

"Hodi. Shikamooni."

"Marahaba," ikajibu sauti kutoka ndani, na mlango ukafunguka.

Alitoka mwanamume mwenye gunia begani, urefu wake kama njiti ya kiberiti, akafuatwa na wengine wawili. Walimtazama Hezekia kidogo, wakaendelea na kazi. Asubuhi yake mfereji ulikuwa umefika. Hezekia hakuutengeneza, uliteremka wenyewe kutoka juu ya kabati, ukapita ukutani, ukakata meza, ukazungusha gurudumu na kumwagika kwenye kona. Aliweka ndoo chini ili sakafu isiharibike. Ilipofika jioni ndoo ilikuwa imejaa.

Alhamisi, mwanamke mwenye jembe alitoka nyuma ya kinu, akatoa bonge la udongo mahali na kuliziba pengine, maji yakageukia upande wa kushoto. Yusta aliujua ule mwendo.

"Huyo ni bibi yangu," alisema. "Mzaa mama."

Bibi alikuwa amefariki Yusta akiwa darasa la nne. Yusta alipiga goti kando ya meza, akamwamkia. Bibi aliitikia, kisha akamwuliza kwa Kishambaa kwa nini shamba limekauka wakati Alhamisi ni siku yao ya maji. Yusta alimweleza habari za ukuta na bwawa. Bibi alisikiliza huku akizibua tope, kwa sababu zamu haimngoji mtu amalize maongezi. Yusta alilia kidogo, akajifuta kwa khanga, akabeba ndoo kwenda kumwagilia kabichi. Ndoo moja ilitosha mistari miwili.

Ijumaa maji yaligeukia kulia, zamu ya babu wa jirani yao Mbaraka, na Mbaraka akaja na ndoo yake baada ya swala. Jumamosi walikuja wengine. Hakuna aliyegombana, kwa kuwa kila ukoo uliikumbuka siku yake.

Mtendaji wa kijiji alikuja na faili. Alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, akawaamkia wale wa kwenye kinu kwanza, kisha Hezekia. Akaufuata mfereji kwa kidole kutoka mezani mpaka kabatini, akafika mahali ambapo sasa pana bwawa. Maji yalipita katikati.

"Naona, mzee," alisema. "Hili siwezi kulikataa."

Baada ya mwezi ilikuja barua yenye mhuri. Ilisema kwamba mfereji umeonekana, ila ni mfereji uliopunguzwa mara arobaini, na lalamiko linahusu mfereji wa ukubwa mwingine. Kwa hiyo faili limefungwa. Ukuta ulibaki, na samaki wakaongezewa chakula.

Hezekia aliisoma barua mara mbili. Alikasirika. Kisha akaigeuza, maana nyuma ilikuwa nyeupe, akaanza kupiga hesabu.

"Nikipunguza mara ishirini tu," alimwambia Yusta, "urefu, upana na kina vyote vinakuwa mara mbili, tunapata ndoo nane."

"Na ukipunguza mara kumi?"

"Sitini na nne."

"Sasa umekaa unangoja nini?"

Kile cha ndoo nane kilienea juu ya meza mbili. Cha sitini na nne kilibidi kijengwe uani kwa Yusta. Kwaya ya kanisani ilileta mabaki ya mbao za paini, akina Mbaraka wakaleta mawe, na safari hii wote walipiga hodi kabla mtu hajagusa msumari. Watu wa kinu sasa walikuwa na urefu wa shubiri. Bibi alisikika bila mtu kutega sikio, na alikuwa na mengi ya kusema kuhusu jinsi mjukuu wake anavyobananisha kabichi. Yusta alizipandikiza upya kwa nafasi. Zilianza kufunga vichwa.

Kule juu bwawa lilikuwa limejaa pomoni, na wageni walikuwa wakipiga picha ukingoni.

Jumanne moja Hezekia alikuwa uani akipiga randa mbao ya kinu kingine, cha kupunguzwa mara tano, simu ya Yusta ikaita. Ilikuwa sauti ya binti yake, na ilisikika mpaka kwenye benchi la seremala. Alisema amepata nafasi kwenye basi la Alhamisi, na chumba ameshakipiga deki. Amkatie mama tiketi?

Hezekia aliendelea kupiga randa. Mbao ilikuwa imeshanyooka zamani, lakini hakuthubutu kuinua kichwa.

"Alhamisi siwezi, mwanangu," alisema Yusta. "Alhamisi ni zamu yangu ya maji."